Mwili Uliokwisha Kufanya Kazi: Maarifa ya Msingi ya Mwalimu wa Mazoezi katika Miinuko ya Kasulu na Kibondo

Mwalimu binafsi wa mazoezi ni mtu anayepanga, kusimamia na kurekebisha mazoezi ya mwili ya mtu mmoja mmoja kwa kufuata afya ya mtu huyo, uwezo wake na lengo lake. Kwa fasili hiyo anatofautiana na kocha wa timu, ambaye kazi yake hupimwa kwa mabao na medali, na anatofautiana pia na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye hupokea mgonjwa na kumsaidia kurejesha matumizi ya kiungo kilichodhoofika. Vyeti vinavyojulikana zaidi katika taaluma hii hutolewa na taasisi za Marekani, zikiwamo ACSM iliyoanzishwa mwaka 1954, NSCA ya mwaka 1978, ACE ya mwaka 1985 na NASM ya mwaka 1987, na ingawa kila moja ina mtihani wake, mitaala yao inakaribiana: muundo wa mwili na utendaji wake, vyanzo vya nishati, uchunguzi wa afya kabla ya mazoezi, upangaji wa mazoezi, misingi ya lishe, namna ya kumsaidia mtu kubadili mazoea, na huduma ya dharura. Anayefaulu hupewa cheti chenye ukomo, ambacho hulazimika kukihuisha kila baada ya miaka miwili au mitatu kwa kuthibitisha kwamba ameendelea kujifunza.

Mhadhara huu unashikilia hoja moja, kwamba mtaala huo, pamoja na usahihi wake, ulitungwa kwa kumfikiria mtu anayekaa kitini kutwa na kwenda kutafuta jasho jioni, na kwamba mwalimu atakayeufikisha Kasulu au Kibondo bila kuuliza kwanza mwili ulio mbele yake umefanya kazi gani tangu alfajiri ataumiza watu kwa maarifa ambayo yenyewe hayana kosa. Miinuko ya Buha, nchi ya Waha, iko kati ya takriban mita 1,200 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake wengi hulima maharage, mahindi, mihogo na migomba kwa jembe la mkono, huchota maji mabondeni na kuyapandisha vilimani, na husukuma baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi au magunia ya mkaa kupita uzito wa msukumaji mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba hafanyi mazoezi, atakayekuwa hajui ni msemaji.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya kadiri, au dakika 75 hadi 150 za shughuli kali, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mkulima wa Kibondo katika wiki ya kupanda huweza kuimaliza hesabu hiyo ya dakika kabla ya jua la Jumanne kutua. Kwa hiyo swali la mwalimu kwake haliwezi kuwa namna ya kumwongezea mwendo; ni namna ya kugawanya mzigo ambao tayari anao, kuimarisha sehemu za mwili ambazo jembe halizigusi, na kumpa mapumziko yenye mpango. Swali hilo hubadilika kabisa kwa mtumishi wa halmashauri, mwenye duka, dereva wa bodaboda au mwalimu wa sekondari anayeishi mji uleule, na kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kujua ni yupi kati ya hao aliyeketi mbele yake.

Tofauti hii ina historia katika sayansi yenyewe. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa muda wote, ingawa watu hao walitoka katika tabaka moja na walipanda basi moja. Katika barabara ya lami inayounganisha Kabingo, Kibondo, Kasulu na Manyovu jaribio la Morris linajirudia bila mtafiti kulipanga, kwa kuwa kijana ambaye baba yake alisukuma baiskeli hadi sokoni leo anakaa juu ya pikipiki tangu asubuhi hadi usiku, akila chakula kilekile cha msukuma baiskeli. Tanzania imekwisha kuona matokeo ya mabadiliko ya aina hii kwa ujumla wake: uchunguzi wa vijijini uliochapishwa na Donald McLarty na wenzake mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kisukari kwa takriban watu 9 kati ya 100 na shinikizo la juu la damu kwa takriban mtu 1 kati ya 4. Vipimo vya tafiti hizo mbili havilingani kwa kila kitu, lakini tofauti ni kubwa mno kuweza kuelezwa kwa vipimo peke yake.

Kundi jingine halipaswi kusahauliwa, nalo ni la watu waliokuwa wakulima wakakoma ghafla. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi, na katika kambi hizo maelfu ya watu waliozoea jembe walijikuta wakiishi kwa mgao wa chakula bila ruhusa ya kutoka kwenda kulima. Mwili uliojengwa kwa kazi huanza kupoteza uwezo wa moyo na mapafu ndani ya wiki chache za kukaa, na nguvu za misuli hufuata polepole zaidi.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo hutokea, mwalimu hana budi kujua misuli inavyopata nishati. Kila msuli hujikunja kwa kuvunja kemikali iitwayo ATP, ambayo akiba yake hutosha kwa sekunde chache tu, na mwili huirudisha kwa njia tatu. Njia ya kwanza hutumia fosfokreatini iliyohifadhiwa ndani ya msuli, nayo huhudumia juhudi ya takriban sekunde 10, kama kunyanyua gunia kutoka chini hadi begani. Ya pili huvunja sukari bila kusubiri oksijeni na kutawala juhudi kali isiyozidi dakika mbili hivi, kama kusukuma baiskeli yenye shehena kwenye mwinuko mfupi. Ya tatu hutumia oksijeni kuunguza wanga na mafuta, nayo ndiyo inayombeba mtu anayepalilia kwa saa tano. Njia zote tatu hufanya kazi wakati wote, na kinachobadilika ni mchango wa kila moja. Mkulima ana njia ya tatu iliyokomaa. Anachoweza kukosa ni nguvu ya juu kabisa, yaani uwezo wa kushinda mzigo mzito mara moja, kwa sababu jembe ni chombo chepesi kinachoinuliwa mara nyingi, na msuli hujifunza kile hasa unachofundishwa. Kanuni hii ya umahususi ndiyo inayoeleza pia kwa nini mwanamume anayelima ekari mbili huweza kuteguka mgongo siku anayonyanyua mfuko mmoja wa saruji.

Mgongo unastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu ndio lalamiko la kwanza la anayelima. Jembe la mpini mfupi humlazimisha mtu kuinama kwa muda mrefu, na kuinama kuna namna mbili: kukunja nyonga huku uti wa mgongo ukibaki umenyooka, ambapo uzito hubebwa na misuli mikubwa ya makalio na ya nyuma ya paja, au kukunja uti wenyewe, ambapo misuli ya mgongo hulala na mkazo huhamia kwenye ligamenti na kwenye visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili. Mtu akiinama namna ya pili kwa saa nyingi, tishu hizo hulegea kwa muda, na akiinuka ghafla na mzigo huwa katika hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo asubuhi. Mwalimu anayejua hivyo hatamfundisha mkulima kuinama zaidi. Atamfundisha kukunja nyonga, atamwimarisha makalio na misuli inayozunguka kiuno kwa mazoezi ya kushikilia mwili bila kusogea, atamtaka abadilishe mkono unaotangulia kwenye mpini, na atamwomba asimame wima kwa dakika moja au mbili kabla ya kubeba chochote. Ushauri wa mwisho haugharimu kitu na pengine ndio wenye faida kubwa kuliko yote.

Kuteremka nako kuna elimu yake. Msuli hufanya kazi kwa namna tatu: ukifupika, kama paja linapompandisha mtu kilimani; ukishikilia bila kubadili urefu; na ukirefuka huku unavuta, kama paja linapozuia mwili usiporomoke kwenye mteremko. Namna ya tatu hutumia nishati kidogo lakini huacha michubuko midogo zaidi ndani ya nyuzi za msuli, na maumivu yake hayaji palepale, bali hukua kati ya saa 24 na 72 baadaye. Anayetoka bondeni na ndoo kichwani hupanda na kuteremka kila siku na amekwisha kuzoea. Karani aliyeamua kukimbia mteremko mrefu siku ya kwanza hawezi kushuka ngazi siku ya tatu, na akikosa kuelezwa mapema atadhani ameumia na kuacha.

Kuhusu ndoo hiyo, Afrika Mashariki imeichangia sayansi ya mazoezi moja ya tafiti zake za kuvutia. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa mkanda wa paji la uso waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya waliyotumia wakitembea mikono mitupu, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba waliokoa nishati kwa namna mwili wao ulivyopanda na kushuka kwa kila hatua kama timazi inayobembea. Watafiti waliopima wanawake wa Afrika Kusini mwaka 2010 hawakuiona nafuu hiyo kwa wabebaji wote, kwa hiyo si busara kuifanya sheria. Jambo lisilo na shaka ni kwamba dumu la lita 20 kwa mwanamke wa kilo 55 ni zaidi ya theluthi ya uzito wake, kiwango ambacho hata waliopimwa na Maloiy walilipia, na shingo ndiyo hupokea mzigo wote huo.

Dumu hilohilo, likiondolewa kichwani, ni chombo bora cha mafunzo kuliko vyuma vingi vinavyoagizwa kwa gharama. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewahudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndiye aliyeweka wazi katika miaka ya 1940 kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua, na pamoja na Arthur Watkins alipendekeza seti tatu za kunyanyua mara 10: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10 tu, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mwalimu wa Kibondo anaweza kuchora alama ubavuni mwa dumu na kumpa mteja anayemudu kilo 20 seti ya lita 10, ya lita 15 na ya lita 20, kisha baada ya wiki mbili akaongeza mzigo kidogo, akawa amemfuata DeLorme kwa usahihi ambao baadhi ya kumbi za mijini haziufikii. Maji hucheza ndani ya dumu lisilojaa, jambo linaloilazimisha misuli ya kiunoni kufanya kazi ya ziada, na mwanafunzi mpya aanze kwa kulikumbatia kifuani.

Moyo hupimwa kwa hesabu ambazo mtihani wa cheti huzipenda. Kanuni ya zamani hukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kutoa umri kutoka 220; Hirofumi Tanaka na wenzake mwaka 2001 walipendekeza 208 kutoa 0.7 ya umri, na kanuni hizo mbili hukutana kwenye miaka 40, ambapo zote hutoa 180, kisha huachana, hata kwa mtu wa miaka 60 moja ikasema 160 na nyingine 166. Zote ni makadirio yanayoweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, na hukosea vibaya kwa mtu anayemeza propranololi au atenololi, dawa za presha zinazozuia moyo kwenda mbio. Kwa mteja kama huyo kipimo cha mahali popote ni maneno: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko katika juhudi ya kadiri, na asiyeweza kumaliza sentensi amevuka. Katika miji ambayo kila mtaa una kwaya inayofanya mazoezi jioni, kipimo hicho hakihitaji maelezo marefu.

Uchunguzi wa afya kabla ya mazoezi ndiyo sehemu ambayo mtaala wa nje unahitaji kuongezewa, si kupunguzwa. Dodoso linalotumika duniani, PAR-Q, lilianzia British Columbia nchini Kanada katika miaka ya 1970, na maswali yake 7 yanahusu moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mifupa na viungo, dawa za presha, na sababu nyingine yoyote. Maswali hayo ni mazuri na yaulizwe yote. Lakini Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na homa pamoja na upungufu wa damu unaofuata humfanya mtu achoke kwa mzigo ambao mwezi uliopita aliumudu. Aliyetoka kuugua hurudi kwa nusu ya kazi yake, na mwenye homa hafanyi mazoezi kabisa. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu, yaani ugonjwa wa seli mundu, na hata mtu aliyerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu anaweza kupata madhara makubwa akisukumwa kupita kiasi huku amepungukiwa maji. Swali la ngiri liulizwe kwa mwanamume anayebeba magunia, na swali la mimba na uzazi wa karibuni kwa mwanamke, tena kwa faragha na, inapowezekana, na mwanamke mwenzake. Kijana atakayemuuliza mzee mambo hayo aanze na shikamoo na aketi, kwani majibu ya kweli hayatolewi kwa mtu aliyesimama na karatasi.

Kumbukumbu ya eneo hili inaongeza sababu nyingine ya unyenyekevu huo. Wakati wa utawala wa Waingereza Buha ilihesabiwa kuwa eneo la kutoa vibarua, na baada ya wenye mashamba ya mkonge kuunda mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri iliyoitwa SILABU, wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walisafirishwa hadi Tanga na kwingineko kwa mikataba, wakaitwa manamba. Hapo mwili wa Muha ulitathminiwa kwa manufaa ya mwingine. Mwalimu wa mazoezi naye hupima, huandika na kulinganisha, kwa hiyo ni haki ya mteja kuambiwa kila kipimo ni cha nini, kuiona karatasi yake, na kukataa.

Upangaji wa mwaka nao ugeuzwe ufuate mvua. Nadharia ya kugawa mwaka wa mazoezi katika vipindi, iliyoenezwa na Mrusi Lev Matveyev katika miaka ya 1960, iliulenga mwaka wa mashindano. Mkulima hana mashindano, ana msimu. Mvua za Kigoma huanza mnamo Oktoba au Novemba na kufika Aprili au Mei, na katika miezi hiyo shamba lenyewe ni mazoezi, kwa hiyo mwalimu ampe mteja dakika 15 za kunyoosha viungo, kushikilia kiuno na kulala mapema. Nguvu zijengwe kiangazi, kuanzia Juni, chakula kikiwa ghalani. Chakula chenyewe kinatosha kikipangwa: anayejenga misuli huhitaji protini ya gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ugali wa muhogo hauna protini ya kutajika, lakini gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 na zaidi, na dagaa wa Ziwa Tanganyika hukamilisha kilichobaki. Unga wa protini wa makopo hauna kazi Kasulu.

Anayetaka kupungua uzito anahitaji kuambiwa ukweli usiopendeza. Herman Pontzer na wenzake, walipowapima Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi na kuchapisha matokeo mwaka 2012, walikuta kwamba wawindaji hao, pamoja na mwendo wao mwingi, walitumia kwa siku nishati iliyolingana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili. Mwili hufidia. Mazoezi hulinda moyo, sukari, mifupa na akili, lakini kitambi cha mwenye duka kitapungua zaidi mezani kuliko barabarani, na mwalimu anayeahidi vinginevyo anauza kitu asichokuwa nacho.

Mipaka ya kazi hii ni mifupi kuitaja. Mwalimu hatambui ugonjwa, haandiki dawa, hamwachishi mtu vidonge vya presha, wala hanyooshi kiungo kilichoteguka; humpeleka mteja hospitali ya wilaya na kusubiri jibu la maandishi. Kwa anayetafuta elimu ndani ya nchi, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya mkoani Mwanza na idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa msingi mpana kuliko kozi nyingi fupi, na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya michezo kitaifa.

Lakini kabla ya chuo na kabla ya cheti, anayekusudia kufungua ukumbi Kasulu au Kibondo ajifunze kwanza kuokoa mtu ambaye moyo wake umesimama: kukandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30, bila kuacha hadi msaada ufike. Asiyeweza kufanya hivyo asipokee mteja hata mmoja.